Kokwa la Embe Ni Fungu la Nani?

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyetuoteshea miti na kututolea matunda yenye rangi na ladha mbalimbali. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumba yake na masahaba wake wote.

Ndugu na dada zangu katika imani, msimu wa maembe ukifika hapa Kampala huhitaji kuambiwa. Malori hushusha mizigo kutoka Teso, Lango na upande wa Arua. Kalerwe na Owino maembe hupangwa chini kwa mafungu, na Wandegeya huwezi kutembea hatua chache bila kuitwa na muuzaji. Mwanafunzi ambaye wiki nzima amekula posho na maharage anajikaza, ananunua embe moja kubwa, analipeleka nyumbani au hosteli. Hapo huanza tendo ambalo katika majira hayo hurudiwa kila siku karibu kila nyumba: mtu mmoja anachukua kisu, anamenya embe, analikata, na wengine wanasubiri.

Makala haya yanauliza maswali mawili kuhusu tendo hilo. La kwanza: anayekata embe ana wajibu gani kwa wale wanaosubiri? La pili, ambalo ni nadra kuulizwa: wale wanaosubiri wana wajibu gani kwake?

Huenda msomaji akasema kwamba jambo hili ni dogo mno kwa watu waliokuja chuo kikuu kusoma sheria, udaktari na uhandisi. Lakini dini yetu haikutufundisha kudharau madogo. Sura Az-Zalzala inatuambia kwamba wema na uovu wenye uzito wa chembe vitaonekana siku ya hesabu. Na mtu hajifunzi uadilifu siku anapokabidhiwa ofisi. Amekwisha kujifunza, au amekwisha kukosa kujifunza, mezani kwao.

Tunda lisilogawanyika sawasawa

Shika embe mkononi ulitazame. Si kama chungwa, ambalo ukilimenya linakuonyesha lenyewe mahali pa kugawa. Embe lina kokwa pana na bapa, lililolala katikati tangu kwenye kikonyo hadi nchani. Anayeijua kazi huliosha kwanza, kwa kuwa utomvu wa kwenye kikonyo huwawasha baadhi ya watu midomo na ngozi. Mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja wa miti, na utomvu wa ukoo huo una ukali wake. Kisha hulimenya, akapitisha kisu ubavuni mwa kokwa upande huu, na tena upande wa pili. Hapo anapata mapande mawili makubwa na manene. Kwenye kingo za kokwa hubaki ukanda mwembamba wa nyama ya tunda, ambao huchongwa vipande viwili vidogo. Kinachosalia ni kokwa lenyewe, lenye utamu kidogo na nyuzi nyingi, la kunyonywa.

Kwa embe dogo la kienyeji, lile ambalo Waganda huliita kagogwa, hakuna tatizo. Kila mtu hupewa lake, akatoboa au akang'ata, akanyonya hadi akaridhika. Tatizo huja na embe kubwa: dodo, au yale ya miti iliyopandikizwa, ambayo bei yake huifanya familia inunue moja au mawili kwa watu wote. Chukulia watu watano na embe moja. Kuna mapande mawili makubwa, vipande viwili vyembamba na kokwa moja. Hayo ni mafungu matano, na hayalingani.

Unaweza kupunguza tofauti. Unaweza kuyakata mapande makubwa vipande vidogo vya mraba, ukavimimina kwenye sinia na kuhesabu. Wengi hufanya hivyo. Lakini kokwa halikatiki, na lazima liende kwa mtu mmoja. Tena watu hawapendi kitu kimoja: kuna anayelikimbilia kokwa na kuna asiyetaka nyuzi zimnase kwenye meno. Kwa hiyo, hata ukiwa na nia njema na kisu kikali, embe litakulazimisha kuamua nani apate nini. Mwenye kisu, apende asipende, amekuwa kadhi mdogo.

Mwenye kisu kikali

Waswahili wana methali isemayo kwamba mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Methali hiyo inaeleza jinsi dunia ilivyo, na aghalabu inasema kweli. Haielezi jinsi inavyopaswa kuwa. Qur'ani ina sura nzima iliyopewa jina la watu wanaopunja, Al-Mutaffifin, na inawatambulisha kwa tabia moja: wakijipimia wao huchukua kipimo kamili, na wakiwapimia wengine hupunguza. Tazama kwamba ni mkono uleule na mizani ileile. Kilichobadilika ni nani anayepokea. Hiyo ndiyo hatari ya mwenye kisu. Kila anapokata huwa anakata kwa ajili ya wengine na kwa ajili ya nafsi yake papo hapo, na nafsi inajua vizuri upande gani wa embe ulipigwa na jua ukaiva zaidi.

Ni kweli kwamba Madina ya Mtume (S.A.W.) haikuwa mji wa maembe. Tunda lake lilikuwa tende. Embe lilikuja pwani yetu kutoka pande za Bahari ya Hindi, na Ibn Battuta, aliyepita huku mwaka 1331, alisimulia jinsi alivyokaribishwa Mogadishu kwa wali na vitoweo, pamoja na maembe mabichi yaliyotiwa siki, na akaeleza kwamba tunda hilo likiiva huwa tamu na ndani lina kokwa. Lakini adabu ya kula pamoja ilikwisha kuwekwa kwa tende, maji na maziwa, na sisi tunaipeleka kwenye embe.

Adabu ya kwanza imo katika Sahihi Muslim, katika hadithi ndefu ya Abu Qatada (R.A.) kuhusu safari ambayo watu walishikwa na kiu kali. Mtume (S.A.W.) alikuwa akimimina maji na Abu Qatada akiwapa watu, mpaka hakubaki ila wao wawili. Mtume (S.A.W.) akamtaka Abu Qatada anywe kwanza, naye akakataa kunywa kabla ya Mtume. Hapo Mtume (S.A.W.) akafundisha kwamba anayewanywesha watu ndiye wa mwisho wao kunywa. Mwenye jagi mkononi hujiweka mwisho. Na mwenye kisu ni vivyo hivyo.

Wanafalsafa wa zama zetu nao wameipitia njia hii. Mmarekani John Rawls, katika kitabu chake cha nadharia ya haki kilichotoka mwaka 1971, alitoa mfano wa watu wanaogawana keki. Anayekata apewe kipande cha mwisho, baada ya wenzake kuchagua. Kwa kuwa anajua atabakiziwa kile kisichotakiwa na wengine, atajitahidi kukata sawa. Mfano huo ni mzuri, na ukiujaribu hosteli leo jioni utaona unafanya kazi.

Hata hivyo kuna tofauti kati ya mafundisho haya mawili, na inafaa mwanafunzi wa Kiislamu aione. Kanuni ya keki inategemea macho ya watu. Lazima keki iwe mezani na wote waione ikikatwa. Lakini embe hukatiwa jikoni. Mwenye kisu anaweza kula mapande mawili matamu kabla sinia halijafika sebuleni, akafuta mdomo, akawaletea wenzake kilichosalia, kisha kwa unyenyekevu mkubwa akasubiri wote wachague kwanza. Kanuni ya keki haiwezi kumkamata mtu huyo. Anayemwona jikoni ni Mwenyezi Mungu peke yake. Ndiyo maana adabu ya mnyweshaji haikujengwa juu ya hofu ya kubaki na fungu baya. Imejengwa juu ya kujiona mtumishi wa wale unaowagawia, na mtumishi huyo anajua kwamba anaonekana hata mlango wa jiko ukifungwa.

Adabu ya pili inahusu mikono ya walaji. Bukhari amepokea kwamba katika mwaka wa dhiki, siku za Ibn Zubayr, watu walikuwa wakipewa tende, na Abdullah bin Umar (R.A.) akipita karibu nao huku wakila huwakumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kuokota tende mbili kwa pamoja, isipokuwa amwombe idhini mwenzake. Katika sinia la vipande vya embe, hili linaeleweka bila maelezo: yule anayetumbukiza uma ukachoma vipande viwili amekula fungu la mtu. Ila yashike yale maneno ya mwisho, yaani idhini ya mwenzake, kwa sababu ndiyo yatakayotufikisha kwenye swali letu la pili.

Tatizo la mkono uleule

Mpaka hapa tumesema mwenye kisu achague mwisho. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumetengeneza dhuluma mpya bila kujua, kwa sababu katika nyumba nyingi mwenye kisu habadiliki. Ni mama. Mama asipokuwepo ni dada mkubwa, hata kama amerudi kutoka chuoni saa ileile aliyorudi kaka yake. Au ni binti aliyeajiriwa kusaidia kazi za nyumbani, ambaye humenya embe lote, akalipanga kwenye sinia, kisha akabaki jikoni na maganda. Katika chumba cha hosteli pale Kikoni, ni yule wa mwaka wa kwanza, anayetumwa sokoni, anayeosha, anayekata, na anayesukumiwa kokwa kwa mzaha.

Ikiwa mwenye kisu ni wa mwisho, na mwenye kisu ni mtu yuleyule kila siku, basi kokwa ni lake kila siku. Na baada ya miaka nyumba nzima itasema kwamba mama anapenda kokwa.

Pengine ni kweli. Kuna watu wanaolipenda kokwa kwa dhati, na hawa hawahitaji kuhurumiwa. Lakini nyumba ilijuaje? Mara nyingi ushahidi wote ni kwamba mama alisema hivyo siku moja, siku ambayo embe lilikuwa moja na watoto wanne. Aliyasema maneno yale ili mtoto ale pande kubwa bila kuona haya. Maneno ya upendo ya siku moja yakageuka kuwa kanuni ya nyumba, na hakuna aliyerudi kuuliza kama bado yana nguvu, hata siku maembe yalipokuwa kumi.

Tabia ya kumtanguliza mwenzako juu ya nafsi yako tunaiita ithar, na Mwenyezi Mungu amewasifu Ansari kwayo katika Sura Al-Hashr, kwamba waliwatanguliza wenzao hata pale walipokuwa wao wenyewe na haja. Ni daraja kubwa. Lakini ithar ina sharti ambalo limo ndani ya maana yake: unatoa kilicho chako, na unakitoa wewe. Mtu hawezi kuwa na ithar kwa fungu la mwingine. Hakuna anayesifiwa kwa ukarimu wa jirani yake.

Ushahidi ulio wazi kabisa umo katika hadithi ya Sahl bin Sa'd (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) aliletewa kinywaji akanywa. Kuliani kwake alikuwa amekaa kijana mdogo, na kushotoni wazee. Kwa desturi kikombe huenda kulia. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kijana kama anamruhusu awape wazee kwanza. Kijana akaapa kwamba hawezi kumwachia mtu yeyote fungu lake linalotoka kwa Mtume. Basi Mtume (S.A.W.) akakitia kikombe mkononi mwake.

Tuitafakari hadithi hii polepole. Aliyeuliza ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Aliyeulizwa ni mtoto. Waliosubiri ni watu wazima wenye heshima zao. Ingekuwa katika mabaraza yetu, mtoto asingeulizwa kabisa, na kama angeulizwa, swali lingekuwa amri iliyovikwa adabu, na angekataa angeitwa hana malezi. Lakini Mtume (S.A.W.) aliuliza swali la kweli, ambalo lingeweza kujibiwa hapana, na alipojibiwa hapana aliliheshimu jibu. Maana yake ni kwamba ukubwa wa mwombaji na udogo wa mwenye haki haviiondoi haki. Ithar ya kijana ilikuwa mkononi mwa kijana.

Qur'ani inathibitisha msingi huohuo mahali pengine. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 4, wanaume wameruhusiwa kula sehemu ya mahari ya wake zao pale tu wake hao wanapoitoa kwa kuridhia nafsi zao. Kunyamaza hakutoshi, na kuzoea hakutoshi. Ridhaa iwe ya nafsi. Ikiwa ndani ya ndoa, penye upendo na rehema, mali ya mke inahitaji ridhaa yake, itakuwaje fungu la mama au la dada lichukuliwe kwa sababu tu hajawahi kulalamika?

Na kuhusu binti aliyebaki jikoni, Bukhari na Muslim wamepokea mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba mtumishi wa mtu akimletea chakula, na ikiwa hakumkalisha ale naye, basi ampe tonge moja au mawili, kwa kuwa yeye ndiye aliyekihangaikia na kuvumilia joto lake. Sababu iliyotajwa ni mikono iliyofanya kazi. Yule aliyelimenya embe, aliyeinusa harufu yake na kulowa maji yake hadi viwikoni, ana haki ndani ya embe lile. Kumwachia maganda ni kinyume cha mafundisho haya, hata kama analipwa mshahara kila mwezi.

Je, nyumba iwe mahakama?

Hapa kuna pingamizi la haki, na lisipuuzwe. Mtu anaweza kusema: mwandishi anataka kutuletea mizani mezani. Familia si soko. Mama akimpa mtoto pande kubwa anafanya hivyo kwa upendo, na upendo hauhesabu. Ukianza kuhesabu nani alikula kokwa juzi na nani jana, utaua kile kitu kilichoifanya nyumba iwe nyumba.

Nusu ya pingamizi hili ni sahihi. Mwenye kutoa kwa upendo hahesabu, na hatakiwi kuhesabu. Mama akiandika daftari la makokwa aliyonyonya tangu tuzaliwe, ithar yake itakuwa deni. Lakini anayepokea hana ruhusa ya kutohesabu. Upendo unaomruhusu mtoaji asahau ni uleule unaomlazimu mpokeaji akumbuke. Nyumba ambayo wote wawili wamesahau, mtoaji kwa ukarimu na mpokeaji kwa mazoea, kwa nje inaonekana ina amani. Ndani yake kuna mtu mmoja ambaye haki yake imekoma kuonekana.

Tena uadilifu haukufukuzwa nyumbani. Nu'man bin Bashir (R.A.) alisimulia kwamba baba yake alimpa zawadi yeye peke yake, akaenda kumshuhudisha Mtume (S.A.W.). Mtume (S.A.W.) akauliza kama watoto wake wote amewapa kama hiyo. Alipojibiwa hapana, alikataa kushuhudia, akaamrisha watu wamche Mwenyezi Mungu na wafanye uadilifu baina ya watoto wao. Huyu alikuwa baba, na kitu kilikuwa zawadi, na msukumo bila shaka ulikuwa mapenzi. Bado uadilifu ulidaiwa.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: kwanza haki ijulikane, kisha mwenye haki, akipenda, aitoe. Tukianza na ithar kabla ya haki kujulikana, hatujui tena kama tunachokiona ni ukarimu wa mtu au ni mzigo aliotwishwa.

Basi tufanye nini

La kwanza ni kisu kizunguke. Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Kaka anayekaa sebuleni akisubiri sinia kwa hoja kwamba jiko ni la wanawake hana sunna ya kujifunikia. Kumenya embe si elimu ngumu. Mara mbili tatu litakuponyoka, mara ya nne utajua kulishika kwa maganda yake huku ukikata. Na kisu kikizunguka, kanuni ya mwenye kisu kuwa wa mwisho inakuwa haki kwa wote, kwa sababu kila mmoja atakuwa wa mwisho siku yake.

La pili ni kuuliza swali la kweli. Usiseme, "Mama, wewe unapenda kokwa, sivyo?" Hilo si swali. Lete sinia kabla hajakaa mtu mwingine, useme, "Mama, leo anza wewe." Atakataa mara ya kwanza, kama desturi ya akina mama ilivyo. Muulize tena siku nyingine. Akilichagua kokwa baada ya kuona mapande yote yako mbele yake na hakuna anayeyasubiri kwa macho, basi kweli analipenda, na mnyonyeshe kwa furaha.

La tatu, pale wengi wanapolitaka kokwa au hakuna anayelitaka, kuna zamu na kuna kura, na zote mbili zina asili. Watu wa Thamud waliambiwa kwamba maji yao ni ya zamu, siku ya ngamia na siku yao. Mtume (S.A.W.) alipotaka kusafiri alipiga kura baina ya wake zake. Kitu kisichokatika hugawanywa kwa siku, na kisipogawanyika kwa siku hupigiwa kura, ili asiwepo wa kusema amependelewa mwingine.

La nne ni kuanza na asiyeweza kudai. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba watu wa Madina walipoona tunda la kwanza la msimu walikuwa wakimletea Mtume (S.A.W.), naye huomba baraka katika matunda na mji wao na vipimo vyao, kisha humwita mtoto mdogo kuliko wote waliopo akampa. Tunda lililotamaniwa kuliko yote, kwa kuwa ni la kwanza, lilianzia kwa mdogo. Katika chumba chako mdogo ni nani? Anaweza kuwa mgeni aliyefika jana kutoka Kigoma au Bunia ambaye Kiganda hajui na Kiingereza kinamsumbua, na ambaye hata njaa ikimkaza hatanyoosha mkono mpaka aambiwe.

Kisu kikubwa zaidi

Wengi wetu, iwe tuko Makerere, Kyambogo au IUIU Kibuli, tutakabidhiwa visu vikubwa kuliko hiki. Baadhi wameshakabidhiwa. Wapo wanaogawa futari ya Ramadhani msikitini: anayeshika upawa wa pilau anajua nyama iko upande gani wa sufuria, na anajua rafiki zake wamekaa safu ya ngapi. Wapo wanaopanga orodha ya wanaosaidiwa ada. Kesho watakuwepo wanaogawa dawa za wilaya, vitanda vya hospitali na mirathi ya mayatima. Kila mmoja wao atakuwa jikoni, na mlango umefungwa.

Na kila mmoja atakuta pia watu waliozoea kunyamaza. Kuna dada katika jumuiya zetu ambao kila mwaka hupika futari na kila mwaka hula wakiwa wamesimama, chakula kikiwa kimepoa, na tunasema kwamba dada zetu wana moyo. Kweli wana moyo. Je, waliulizwa mwaka huu?

Tusisahau pia wasioalikwa kabisa. Sura Al-Qalam inasimulia habari za wenye bustani waliokula kiapo kuvuna alfajiri, wakaenda wakinong'onezana ili masikini yeyote asiingie siku ile, wakafika wakaikuta bustani imeteketea. Embe lina harufu, na korido ya hosteli ni nyembamba. Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr (R.A.) akipika mchuzi aongeze maji na awaangalie majirani zake. Embe haliongezwi maji, lakini kipande kimoja kinaweza kuvuka mlango.

Msimu ukiwa bado upo, nunua embe. Lioshe, limenye wewe mwenyewe, likate mbele ya wenzako, na ujiweke mwisho. Kisha wiki ijayo, mwenzako akishika kisu, usimwachie kokwa kwa sababu wiki iliyopita alilichukua bila neno. Muulize.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaogawa kwa uadilifu wanaposhika kisu, na wanaotambua haki za wengine wanapopokea. Awarehemu mama zetu walioturidhia mapande makubwa, awape walio hai afya na umri wenye baraka, na awalishe waliotangulia matunda ya Peponi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.